Usimuulize mgonjwa kama ameelewa

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi, utafiti wangu ulihusu elimu tunayowapa wagonjwa wa kisukari wenye vidonda vya miguu kabla hawajaruhusiwa kurudi nyumbani. Nilikuwa na dodoso la kurasa nne, na swali nililolitegemea kuliko yote lilikuwa hili: "Je, umeelewa namna ya kutunza kidonda chako?" Karibu kila niliyemuuliza alijibu ndiyo, nami nikaona kazi inakwenda vizuri, mpaka mzee mmoja aliyenijibu "nimeelewa sana, sista" aliporudi kliniki kufungwa kidonda.

Nilimwamkia, nikakaa chini, nikaanza kufungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimefunikwa na ukoko mgumu wa unga wa dawa, kwa kuwa nyumbani walikuwa wakipasua kapsuli za rangi mbili na kuunyunyizia kila asubuhi, na nilipoulainisha ule ukoko kwa maji ya chumvi, usaha ukatoka chini yake. Nikamuuliza, "Baba, nani aliwaambia muweke unga?" Akanitazama kwa mshangao. "Si ni wewe mwanangu uliyesema kidonda kiwe kikavu?"

Alikuwa mkweli. Nilisema "kikavu" nikimaanisha bandeji isilowe wakati wa kuoga. Neno lile lilikwenda naye hadi nyumbani, likakutana na imani ya siku nyingi kwamba kidonda kikikauka ndiyo kimepona, na familia ikatafuta njia ya haraka ya kukikausha. Tangu mwaka 1962, mtafiti George Winter alipochapisha matokeo ya majaribio yake kwa nguruwe, inajulikana kwamba majeraha madogo yaliyofunikwa yakabaki na unyevu huota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa yakaukie hewani, kwa sababu chembe za ngozi haziwezi kupita juu ya ukoko, hulazimika kujipenyeza chini yake. Kwa hiyo siku hizi ninasema hivi: kidonda chenyewe kisikaushwe, ngozi inayokizunguka isilowe, na bandeji ikilowa ibadilishwe. (Kidole kilichokwisha kufa kikakauka ni habari nyingine, hicho huachwa kikavu hadi daktari aamue.)

Ushauri wangu kwa muuguzi mwenzangu ni kuliacha kabisa swali la "umeelewa?", kwa sababu kwetu ni vigumu mtu mzima kumwambia sista aliyesimama mbele yake kwamba hakuelewa, ni kama kumkosea adabu. Mwekee gozi na bandeji mkononi, kisha umwambie, "Baba, mimi kazi yangu ni kuhakikisha nimeeleza vizuri, hebu nionyeshe mtakavyofanya mkifika nyumbani." Hapo mtihani ni wako, si wake. Ukigundua kwamba atakayemfunga ni binti au mkwe, mfundishe huyo, maana nimewahi kupoteza nusu saa nikimfundisha mzee ambaye macho yake hayakuuona hata mguu wenyewe. Mambo mengine ya mguu wa kisukari, kama kukung'uta viatu kabla ya kuvaa na kutopima joto la maji kwa mguu uliokufa ganzi, yanaingia kwa urahisi mgonjwa akiwa tayari ameshika kitu mkononi.

Sitaki kujitetea, lakini ni haki niseme nilikuwa katika hali gani siku ile nilipomfundisha yule mzee. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, daftari la mazoezi ya vitendo lilikuwa bado halijasainiwa, na mzee alikuwa amekwisha kukaa kitandani na mfuko wake mapajani akisubiri ndugu wamalize kulipa. Nilimwimbia maelezo kama shairi. Mwanafunzi mwenye hofu hufundisha ili amalize, na ndiyo maana elimu ya mgonjwa inapaswa kuanza siku ya kwanza anapofungwa kidonda, kidogo kidogo, isingoje saa ya kuondoka.

Kuhusu hofu na uchovu wa namna hiyo, wanafunzi wengi wanaotafiti msongo wa mawazo wa wenzao hutumia kipimo cha Sheldon Cohen na wenzake cha mwaka 1983, kinachomuuliza mtu alivyojisikia katika mwezi uliopita. Ni kipimo kizuri, ila kinakuambia kwamba mwenzako amelemewa, hakikuambii amelemewa na nini. Ukikitumia, ongeza maswali kuhusu wodi yenyewe: zamu, daftari, idadi ya wagonjwa, na namna anavyosemeshwa mbele yao.

Dodoso langu nililiandika upya. Ukurasa wa maswali ya uelewa niliutoa, mahali pake nikaweka sinia lenye gozi, bandeji, maji na kipande cha sabuni, pamoja na fomu ya kujaza ninachokiona mikono ikifanya. Msimamizi wangu alilalamika kwamba njia hiyo itakula muda, na kweli ilikula. Nilipata wagonjwa wachache kuliko niliopanga. Wa kwanza kabisa alinihakikishia kwamba anajua kila kitu, akavuta sinia, akaanza kufungua bandeji. Sabuni hakuigusa.