Je, dunia inaendeshwa na kundi la siri? Jibu kwa kijana wa Micheweni

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni kijana wa Micheweni, Pemba. Nalima mwani pamoja na mke wangu, na msimu wa karafuu nakwenda kuchuma. Maskani kwetu kila usiku zinaingia klipu kwenye simu zinazosema dunia yote iko mikononi mwa kundi dogo la Mayahudi na Mafrimasoni, kwamba benki, vita na maradhi ni mipango yao, na ubepari ndio mfumo wa Dajjali. Wenzangu wanasema haifai kuweka pesa popote wala kuingia kikundi chochote, mfumo wote uangushwe, na mali ya tajiri ni halali kwa masikini. Nikaamini, hata nikasema mbele za watu kwamba jirani yetu mwenye duka ni "mmoja wao", kwa kuwa ametajirika ghafla. Sasa watu wamemsusia. Dini inasemaje? Na kama ubepari ni dhulma, Uislamu unaweka nini mahali pake?

JIBU

Wa alaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu na namsalia Mtume wake, sala na amani zimfikie.

Hasira yako naijua inakotoka, maana mimi nimesomeshwa kwa mwani. Mama yangu alikuwa akifuata maji ya bamvua, anainama tokea maji kutoka mpaka kujaa, mgongo umekauka kwa chumvi. Kamba za kufungia mwani alipewa na mnunuzi, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwengine. Siku ya mizani akaambiwa mwani una mchanga, mara una unyevu, na kilo zikapunguzwa mbele ya macho yake. Kilo moja ilikuwa mia kadhaa za shilingi. Mwani huo huo ukifika ng'ambo unatolewa kitu cha kugandishia kinachotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno, na faida kubwa inabaki huko. Hiyo ni dhulma, na sitokwambia vyengine.

Lakini hebu itazame vizuri dhulma hiyo. Ina siri gani? Mizani ilikuwa juani. Mnunuzi tukimjua kwa jina. Mkataba wa kamba kila mwanamke wa pwani aliujua. Mwenyezi Mungu ameiteremshia sura nzima: "Ole wao wapunjao", na akaeleza kwamba wakipokea wanataka kutimiziwa, wakipima wao wanapunguza (83:1-3). Kinachonisikitisha kuhusu klipu zenu ni kwamba zinakutoa machoni mwako mizani unayoiona, zikakupeleka kumtafuta mtu usiyemuona. Mkiwa maskani usiku mnamlaani asiyejulikana, asubuhi mpunjaji anafungua ghala lake kwa raha.

Sisemi njama hazipo. Qur'ani inatusimulia ndugu zake Yusuf walivyokula njama, na Maquraishi walivyopanga kumuua Mtume (8:30). Katika zama zetu, mwaka 1953 serikali ya Mossadegh ya Iran, iliyokuwa imetaifisha mafuta mwaka 1951, iliangushwa kwa mpango wa Marekani na Uingereza. Lakini hilo tumelijuaje? Kwa hati na kwa mashahidi, mpaka mwaka 2013 nyaraka za shirika la ujasusi la Marekani lenyewe zikakiri. Njama ya kweli ina tarehe, ina majina ya watendaji, na mwisho wake inaacha karatasi. Ile ambayo kila anayeikanusha anaambiwa "naye yumo", na kila ukosefu wa ushahidi unageuzwa kuwa ushahidi, hiyo ni dhana. Na Mola wetu amesema tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi (49:12), na tusifuate tusilolijua, kwa sababu masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa (17:36). Imepokewa pia na Muslim kwamba yamtosha mtu kuwa muongo kwa kuhadithia kila alichokisikia. Kidole kinachobonyeza "tuma" nacho kinahadithia.

Sasa sikiliza kisa hiki, maana kimeteremka kwa ajili ya mambo kama yenu. Wafasiri wengi wameeleza kwamba Madina mtu mmoja aliyejihesabu miongoni mwa Waislamu aliiba deraya, yaani vazi la chuma la vitani, iliyokuwa ndani ya mfuko wa unga. Mfuko ulikuwa umetoboka. Akaipeleka akaificha kwa Yahudi mmoja, na unga ukawa unadondoka njiani mpaka mlangoni kwa yule Yahudi. Deraya ikakutwa kwake. Jamaa za mwizi wakaja kwa Mtume wakamtaka amtetee mtu wao. Alama zote zilimuelekea Yahudi, unga uko mlangoni na mali imo ndani, na bado mwizi hakuwa yeye. Mwenyezi Mungu akateremsha Aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105, kumsafisha Yahudi yule na kumkataza Mtume kuwatetea wenye khiyana. Kisha akasema, katika Aya ya 112, kwamba mwenye kutenda kosa au dhambi kisha akamtupia asiye na hatia, amejitwika uongo na dhambi iliyo wazi.

Nyinyi hamna hata huo unga, mwanangu.

Klipu za Mayahudi kuitawala dunia zina asili inayojulikana. Mwaka 1903 nchini Urusi yalichapishwa maandishi yaliyodaiwa kuwa ni ya mkutano wa siri wa wazee wa Kiyahudi. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likayalinganisha na kitabu cha Kifaransa cha mwaka 1864, likaonyesha kwamba yameibwa humo. Kitabu chenyewe kilikuwa cha kumkejeli mfalme Napoleon III wa Ufaransa, na Mayahudi hawamo. Kwa hiyo mnachotumiana ni karatasi ya kughushi, na kwa jina la karatasi hiyo watu wengi wasio na hatia wameuawa Ulaya. Dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina ni ya kweli, ina watendaji wanaojulikana, na inasemwa kwa majina yao. Haihitaji uongo, na Qur'ani imetukataza chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu (5:8). Mtume wetu amefariki na deraya yake imewekwa rehani kwa Yahudi kwa pishi thalathini za shayiri, kama alivyopokea Bukhari. Alifanya nao biashara, na aliyekhini alimwita mkhini.

Ama Dajjali, habari zake ni za kweli katika Hadithi sahihi. Kuibandika alama yake kwenye benki fulani au sarafu fulani bila ya dalili ni kusema juu ya ghaibu.

Na wewe ni mtoto wa Pemba. Waulize wakubwa zako mwaka 1995, ule wa Popobawa, shetani aliyesemwa anawavamia watu usiku. Khofu ilianzia huko kwenu, ikavuka mpaka Unguja. Watu wakilala nje kwa makundi, kila mmoja ana habari aliyoisikia kwa mwengine, na siasa za uchaguzi ziko juu. Mwisho wake, mjini Unguja, mtu mgonjwa wa akili akashukiwa kuwa ndiye, akauawa. Mimi siku hizo nilikuwa kijana, na mpaka leo nikikumbuka najiuliza tutamjibu nini Mola kuhusu roho ile.

Nije kwenye ubepari. Uislamu haukuharamisha soko wala faida. Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na akaharamisha riba (2:275). Alichokikataa ni mali kuzunguka baina ya matajiri peke yao (59:7). Aya za sura hiyo ndizo alizozitegemea Sayyidna Umar alipokataa kuwagawia wapiganaji ardhi ya Iraq, akaiacha iwe ya Waislamu wote na watakaokuja baada yao. Na Mtume amesema Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto (Abu Dawud), na kwamba hahodhi bidhaa ila mkosa (Muslim). Kwa hiyo mwenye kukwambia kila mwenye mali kubwa amebarikiwa, amekudanganya, kwani Qaruni naye alikuwa na mali.

Wala sikubaliani na wenzako kwamba mali ya tajiri ni halali yenu. Katika Hija ya kuaga Mtume alitangaza kwamba damu zetu na mali zetu ni haramu baina yetu. Mnaweza kumtaja Abu Dharr, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyewakemea walimbikizao dhahabu. Ni kweli alikemea, kwa sauti kubwa, na nampenda kwa hilo. Lakini masahaba wengi walisema mali iliyotolewa zaka si ile hazina iliyotishiwa moto, na Abu Dharr mwenyewe hakuvunja duka la mtu. Ukomunisti unaomkana Mungu hatuukubali. Anayedai kibarua alipwe haki yake anadai jambo letu, hata akiwa si mwenzetu.

Na kuangusha mfumo peke yake hakutoshi, sisi Wazanzibari tunalijua hilo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa ya serikali, na familia nyingi zikapewa eka tatu tatu. Walikuwamo watu waliofurahi kwa haki, walikuwamo waliodhulumiwa vibaya, na majeraha hayo sitaki kuyachokoa hapa. Nataka uone jambo moja. Mwenye mikarafuu alibaki na mnunuzi mmoja tu kwa mujibu wa sheria, na kwa miaka mingi alilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, mpaka watu wakahatarisha roho zao kwa magendo ya kwenda Mombasa. Mwenye shamba amebadilika, mizani imebaki pale pale. Ukishikwa na mnunuzi mmoja, awe tajiri au awe serikali, umeshikwa.

Basi badala yake ni nini? Wenzako wanakukataza vikundi, mimi nakuamrisha uvitafute. Mtume aliwasifu watu wa Ash'ari kwamba chakula kikiwapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawa kwa chombo kimoja, akasema: wao ni wangu na mimi ni wao (Bukhari na Muslim). Anzeni hapo. Upatu wanaocheza mama zetu ni halali. Imamu al-Qalyubi wa madhehebu yetu ya Shafi ameutaja mchango wa namna hiyo wa wanawake na kusema unajuzu, maana kila mmoja anarudishiwa alichotoa bila ya ziada. Vikoba vinavyokopesha kwa riba, hapana. Riba haigeuki halali kwa kuwa mkopeshaji ni jirani. Vigeuzeni viwe vya qiradhi: mmoja mtaji, mmoja kazi, faida mgawane kwa fungu mlilokubaliana, na hasara ya mtaji iwe kwa mwenye mtaji maadamu mfanyakazi hakuzembea wala hakukhini.

Kwa mwani kuna salam. Mnunuzi analipa bei yote leo, naye anawadai mwani kwa muda: kilo kadhaa, aina kadhaa, tarehe fulani. Mtume aliwaruhusu watu wa Madina kwa sharti la kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana. Fedha hiyo ndiyo mtakayonunulia kamba zenu wenyewe, na mwenye kamba yake huchagua wa kumuuzia. Wanawake ishirini wa ufuko mmoja wakiwa na kamba zao, mizani yao na ghala moja, atakuja mnunuzi wa pili. Nanyi msitie mchanga kwenye kiroba, kwani Mtume alipoingiza mkono katika lundo la chakula akakuta unyevu, alisema mwenye kutughushi si katika sisi.

Limebaki la jirani yako, nalo ndilo la haraka kuliko yote. Ulichokifanya ni uzushi, na toba yake haitimii kwa istighfari ya chumbani. Rudi maskani ile ile, saa wanapokuwa wengi, useme kwa kinywa chako kwamba ulimsingizia na huna ushahidi wowote. Uliowatumia ujumbe, watumie wa kuufuta. Kisha nenda dukani kwake na mchana, umuombe radhi, na ununue mchele wako pale watu wakikuona. Akidai fidia ya hasara yake, kaeni mbele ya sheha na wazee mkubaliane, ulipe kidogo kidogo kila bamvua. Akikataa kukusamehe siku ya kwanza, rudi ya pili.

Wallahu a'alam.