Mum Shirl alikuwa nani hasa

Mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma, unauliza huyo Mum Shirl ambaye wazee wa Redfern hapo Sydney wanamtaja kila mara alikuwa na cheo gani mpaka aheshimiwe hivo. Cheo hakuwa nacho mwanangu, ndo maana nataka nikujibu vizuri.

Jina lake Shirley Smith, Mwaborijini, yani mwenyeji wa asili wa Australia, wa kabila la Wiradjuri, kazaliwa 1921 kwenye misheni ya Erambie karibu na Cowra. Alikuwa na kifafa kwa hiyo shule hakusoma kama wenzake, babu yake ndo alimfundisha. Sasa kaka yake akafungwa, akawa anaenda kumwona gerezani, huko akakuta wafungwa kibao hawatembelewi na mtu. Kaka akatoka, yeye akaendelea kwenda!! Maaskari wakimuuliza we nani wake huyu anajibu mama yake, na jina likaganda hapohapo. Yani wengi wetu ndugu akishatoka na sisi safari zimeisha, yeye hapo ndo alianza.

Watoto nao alilea zaidi ya 60. Ukumbuke kule serikali ilikuwa inawachukua watoto wa Kiaborijini kwa nguvu, miaka na miaka, wanapelekwa kwenye vituo au kwa familia za wazungu, wengine hawakuwaona tena wazazi wao, sasa mtoto kupata nyumba ya mtu wake anayemjua ukoo lilikuwa jambo kubwa mno.

Ila mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba hakuishia kwenye huruma. Polisi walikuwa wanawakamata watu wao hovyo pale Redfern, basi yeye na vijana wanaharakati pamoja na wanasheria waliowaunga mkono wakaanzisha huduma ya mawakili ya bure, 1970, na mwaka uliofuata kliniki yao wenyewe, sababu kwingine walikuwa wanabaguliwa au hela hawana. Vijana walikuwa na moto, yeye alikuwa na watu, kila nyumba inamjua, na bila hivo naona ofisi zile zingekaa tupu.

Alifariki 1998. Kliniki ipo mpaka leo hapohapo Redfern, na wewe unasoma unesi, hebu pita siku moja uwaulize kama wanapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, halafu nipigie.

Mama yako