Mlonge, manjano na ini lako

*"Nimenunua unga wa mlonge Gikomba. Muuzaji anasema una antioksidanti na unasafisha ini. Ni kweli?" (Msomaji, Kayole)*

Antioksidanti, yaani kemikali zinazokinga seli zisiharibike, zimo, hilo halina ubishi. Shida ni hiyo habari ya kusafisha. Tafiti nyingi za aina hii hufanyiwa panya. Panya hupewa kitu cha kuumiza ini, mara nyingi kemikali ya karboni tetrakloridi au paracetamol kupita kiasi. Seli zinapoharibika, vimeng'enya kama ALT humwagikia kwenye damu. Panya aliyenyweshwa dondoo la mmea, ALT yake haipandi sana. Matokeo mazuri, ila angalia jaribio lilivyopangwa: mara nyingi dondoo lilitangulia, sumu ikafuata, na kipimo kilipigiwa hesabu kwa uzito wa panya. Wewe una kijiko cha unga na pengine miaka kumi ya pombe. Mlonge ni mboga nzuri, utie kwenye uji ukipenda. Kama ini linakusumbua, nenda ukapimwe damu, pamoja na homa ya ini aina ya B.

*"Shangazi yangu humeza vidonge vya manjano kila siku. Vina madhara?" (South C)*

Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Vidonge ni habari nyingine. Kurkumini, kemikali kuu ya manjano, haifyonzwi kwa urahisi tumboni, basi watengenezaji wengine huongeza piperini ya pilipili manga ili iingie kwa wingi kwenye damu. Huko Marekani madaktari wameripoti watu walioumia ini kwa vidonge vya namna hii, na dondoo la chai ya kijani limeleta kesi kama hizo. Na hivi ndivyo vinauzwa kulinda ini! Shangazi akiona mkojo umekuwa kama strungi, macho yamegeuka manjano au mwili unamwasha bila vipele, aviache siku hiyohiyo na aende hospitali na kichupa chenyewe mkononi.

*"Niko kwenye dawa za TB. Naweza kunywa mwarobaini pia?"*

Usichanganye. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zenyewe zinaweza kuumiza ini. Likiharibika, daktari hatajua alaumu kipi. Na za TB usiziache.

*"Kwani hakuna mmea hata mmoja uliothibitika?"*

Silibini, dawa itokayo kwenye mmea uitwao Silybum marianum, hutumika Ulaya kwa waliokula uyoga wa sumu, Amanita phalloides. Lakini hutiwa kwenye mshipa, hospitalini, siyo kikombeni.

*"Mahindi yenye ukungu nikiyachemsha na mitishamba, sumu itaisha?" (Mama, Umoja)*

Haiishi, mama. Aflatoksini, sumu ya ukungu huo, huvumilia moto wa jikoni, na hakuna jani la kutia kwenye sufuria ya githeri likaiondoa. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya aina hiyo na 125 wakafariki. Yatupe yote. Usimpe hata ng'ombe, maana sumu hiyo hupitia kwenye maziwa.