Laptop inakufa kwenye kuwaka? Usikubali wakufomatie kwanza

Wandugu, kama mashini yako inawaka, logo inatokea, vile vidoti vinazunguka kidogo halafu ekra inakuwa nyeusi ao ya bulu na inajizima, inawaka tena, inajizima tena, inaweza kuwa diski haina shida yoyote, ni piloti ya karti grafiki ndiyo inaanguka (piloti ni programu ndogo inayoiendesha ile karti inayotoa picha kwenye ekra). Hapa Bukavu ukiipeleka kwa fundi wengi watakuambia "tuformate", yaani wafute kila kitu, na mwanafunzi anarudi nyumbani na Windows mpya bila memware yake, ile kazi yake ya kumaliza masomo. Inaniuma sana, juu hii kazi inafanyika bila kugusa faili hata moja.

Soma ekra ya bulu kabla haijapotea. Ikiandika VIDEO_TDR_FAILURE, karti grafiki imekawia kujibu (Windows inaipa sekunde 2 tu) na piloti imeshindwa kuamka tena. Ukiona nvlddmkm.sys, ni piloti ya NVIDIA, na igdkmd64.sys ni ya Intel. Kama ni nyeusi tu, jaribu kwanza kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B pamoja, wakati mwingine picha inarudi palepale.

Isiporudi, iwashe, logo ikitokea shikilia kifungo cha kuwasha mpaka izime, rudia hivyo, kwa kawaida kufika mara ya tatu Windows inaleta yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia Dépannage, Options avancées, Paramètres, irestati, halafu bonyeza F4 ili iwake kwa mode sans échec, yaani na vitu vya lazima tu. Inaweza kukuomba ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows inayolinda diski) wa tarakimu 48, huo mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashini, sasa kama ulinunua okazyo mtafute mwenye alikuuzia.

Ikiwaka vizuri ndani ya ile mode, mkosaji anaweza kuwa ile piloti, maana pale Windows inatumia piloti yake ndogo ya kawaida tu. Fungua Gestionnaire de périphériques, Cartes graphiques, ingia kwenye piloti na ubonyeze kifungo cha kurudisha ile ya zamani. Haili mega hata moja ya internet! Kifungo kikiwa kimefifia, ondoa piloti yote na uweke tiki pa kuifuta kabisa, kisha restati. Maandishi yatakuwa makubwa na mabaya, usiogope.

Piloti mpya ichukue kwenye saiti ya kampuni iliyotengeneza laptop, kwa modeli yako kamili, zaidi sana kama iko na karti mbili, Intel na NVIDIA. Ni nzito, tafuta wifi, na batri ijae kwanza, kuran ikikatika katikati piloti inabaki nusu na unarudi kulekule. Simamisha pia mise à jour za Windows kwa muda, la sivyo itakurudishia ileile mbovu.

Ikianguka hata ndani ya ile mode ya F4, hapo inaweza kuwa RAM (memori ya mashini) ao karti yenyewe, mpelekee fundi, lakini mwambie akopi faili zako kwanza kabla hajagusa kitu kingine.