Mwanafunzi wa Piano Anayechoshwa na Skeli

SWALI: Mhariri, ninafundisha piano nyumbani kwangu, Mombasa. Mwanafunzi wangu wa miaka 9 hupiga miayo kila tuanzapo skeli (mazoezi ya kupanda na kushuka noti kwa mpangilio). Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, fungeni kitabu kwanza. Mwache abuni wimbo kwa vibonyezo vyeusi pekee, nawe urudierudie do na so upande wa besi (noti nzito). Kwa kuwa vyeusi vitano vya kila oktava (kundi la noti toka do hadi do inayofuata) hutoa do, re, mi, so na la, bila fa wala ti, karibu kila atakachogusa kitapatana na chako. Mpe zamu: yeye apige mapigo manne kama swali, wewe umjibu kwa piano. Skeli ataitaka mwenyewe siku atakapojaribu kuuhamishia wimbo wake kwenye vibonyezo vyeupe, ambako fa na ti zipo na itambidi ajue noti za kuchagua.