Mwanafunzi Husoma kwa Mazoea ya Lugha Yake: Kwa Walimu Wapya wa Kiswahili kwa Wageni

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha wageni, niliandika ubaoni “Viazi vile, panya wamevila,” nikawaomba wanafunzi, ambao karibu wote walikuwa Waingereza na Wamarekani, wanieleze nani amekula nini. Walijibu sawasawa, nami nikatoka darasani nikiamini kwamba upatanisho wa kisarufi, yaani viambishi vya kitenzi kufuata ngeli za nomino, umewakaa. Wiki iliyofuata niliandika “Wale mbwa, paka amewafukuza,” na darasa zima, hata yule aliyezoea kuwasahihisha wenzake ngeli, likasema kwamba mbwa ndio waliomfukuza paka.

Sentensi ya kwanza haikuwapima sarufi hata kidogo, kwa kuwa viazi havili panya. Katika ya pili maana haikutoa msaada wowote, wakarudi kwenye mazoea ya Kiingereza, ambamo nomino inayotajwa kwanza kwa kawaida ndiyo mtenda. Ukiwauliza kiambishi a- ni cha nani na -wa- ni cha nani, watakujibu bila kusita. Ila kukijua kiambishi ni jambo moja, na kukitegemea katika ile nukta ya kusoma ni jambo jingine. Wanasaikolojia wa lugha Elizabeth Bates na Brian MacWhinney walilieleza jambo hili katika miaka ya 1980: kila lugha huwazoeza wazungumzaji wake kuamini dalili fulani kuliko nyingine, Mwingereza akishika mpangilio wa maneno, Mwitaliano akitazama zaidi upatanisho, na mwanafunzi huingia katika lugha ya pili na mizani yake ileile.

Kwa hiyo, msikimbilie kurudia jedwali la ngeli. Mimi hufunika nomino kwa karatasi na kuacha kitenzi peke yake, a-me-wa-fukuza, nikauliza ni wangapi waliofukuza na wangapi waliofukuzwa, ndipo nikafunua. Waganda niliowafundisha walilivuka zoezi hili kwa urahisi, kwani lugha yao nayo hubeba mtenda na mtendwa ndani ya kitenzi.

Vishazi rejeshi, vile vinavyoeleza nomino kwa “aliye-” au “ulio-”, vina mtego wa namna hiyohiyo. Mwaka 1988 watafiti Fernando Cuetos na Don Mitchell walionyesha kwamba, pale kirejeshi kinapoweza kurudi kwenye nomino mbili zilizotangulia, Waingereza huelekea kuchagua iliyo karibu, na Wahispania ile ya kwanza. Kwetu mara nyingi ngeli huamua: katika “mlango wa gari uliovunjika” ni mlango uliovunjika, si gari, lakini mwanafunzi Mwingereza atakupa pole ya gari. (Tusiwacheke, nikiwa chuoni nilisoma hadithi ya Kiingereza ya kaka na dada nikapotea, kwa sababu Kiswahili, ambacho “yeye” wake ni wa wote, hakikunizoeza kutazama kiwakilishi ili nijue kama anayesemwa ni mwanamume au mwanamke.)

Angalieni pia sentensi za mtihani. Mtoto wa jirani aliyehamia Tanga anaweza kuwa amehama mwenyewe, au aliyehama ni jirani, maana nomino zote mbili ni za ngeli moja. Mimi niliwahi kuuliza nani alisifiwa katika “mwanafunzi aliyemsifu mwalimu,” nikakata alama za nusu ya darasa, mpaka mwenzangu wa meza ya pili alipoisoma karatasi na kuniambia kwamba yeye ameelewa kuwa aliyesifiwa ni mwanafunzi. Nilirudisha alama zote siku hiyohiyo.