Wasomaji Wanauliza: Vinyago vya Commedia dell'Arte

SWALI: Kikundi chetu cha maigizo hapa Morogoro kinataka kujaribu vichekesho vya vinyago vya Italia, commedia dell'arte. Ngozi hatuna, fundi wake hatuna. Karatasi itafaa? Na kwa nini vinyago vile vinaishia juu ya mdomo?

JIBU: Karatasi inafaa kwa mazoezi, na ikitengenezwa kwa uangalifu inafaa hata kwa maonyesho. Kinyago cha commedia hufunika paji, pua na mashavu ya juu tu, kwa kuwa mwigizaji anasema, tena anasema sana. Mdomo na kidevu chake mwenyewe ndivyo vinavyokamilisha sura. Mapiko, vinyago vya Wamakonde vinavyofunika kichwa chote, ni ya ngoma na yana heshima zake za jando. Msiyaazime kwa kichekesho.

Finyangeni uso kwa udongo wa mfinyanzi juu ya kibao, mkiwa mmepima uso wa atakayevaa: upana wa paji, umbali kati ya mboni, na urefu kutoka nyusi hadi mdomo wa juu. Ongezeni milimita 5 kila upande. Tilieni mkazo pua, uvimbe wa paji na mikunjo mikubwa. Mistari midogo ya kuchora kwa kijiti itakuwa imefunikwa ikifika tabaka la 3 la karatasi.

Udongo ukishika, upakeni vaselini. Karatasi bora kuliko zote ni ya mfuko wa saruji, ikishakung'utwa vumbi. Ichaneni kwa mkono vipande vya sentimita 2 hadi 3, msitumie mkasi, maana ukingo uliochanika hushikana bila kuacha alama. Gundi ya mbao sehemu 2, maji sehemu 1. Bandikeni matabaka 6 hadi 8, moja la karatasi ya saruji, moja la gazeti, ili mwone mlipopita na mlipobakiza. Kila baada ya matabaka 2, kikae kivulini kikauke. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakianika juani, nje kunakaza huku ndani kubichi, na kinyago kinajipinda. Mkishakitoa kwenye udongo, jazeni ncha ya pua kwa karatasi iliyopondwa na gundi, la sivyo itabonyea siku ya kwanza.

Matundu ya macho yaanze madogo, kipenyo cha sentimita 1.5, kisha yapanueni kidogo kidogo huku mvaaji akijaribu kupanda na kushuka ngazi. Yakizidi, nyusi zake zinaonekana na kinyago kinakuwa miwani. Ndani pakeni vanishi mara mbili kuzuia jasho, halafu gundisheni sponji kwenye paji na mashavuni. Kinyago kikibana pua, sauti hutoka kama ya mwenye mafua.

SWALI: Naishi Bologna na hapa nimeona vinyago vya ngozi vya bei ya kutisha. Kazi yake ni ipi hasa?

JIBU: Fundi huchonga kwanza sura nzima kwa mti. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti hulowekwa hadi ilegee, ikatandazwa juu ya mti huo, ikapigiliwa misumari midogo ukingoni, kisha ikasukumwa kwa vidole, kijiti na nyundo ya pembe ya ng'ombe mpaka iingie katika kila mkunjo. Nyundo ni ya pembe kwa sababu chuma kikiigusa ngozi hiyo ikiwa imelowa, huacha doa jeusi. Ikikauka, ukingo hukunjwa juu ya waya. Ngozi hunywa jasho na huzoea uso wa mvaaji, jambo ambalo karatasi haiwezi.

Ufundi huu ulikuwa umepotea. Aliyeufufua baada ya Vita Kuu ya Pili ni mchongaji Amleto Sartori wa Padova. Onyesho maarufu la Arlecchino, yule mtumishi mchekeshaji wa commedia, lililoongozwa na Giorgio Strehler lilipoanza Milano mwaka 1947, mwigizaji wake Marcello Moretti alicheza akiwa amepakwa rangi usoni. Kinyago cha ngozi kilikuja baadaye. Nenda Abano Terme, karibu na Padova, kwenye jumba la makumbusho la akina Sartori.

SWALI: Tukivaa vinyago watu hawacheki. Tunakosea wapi?

JIBU: Pengine mnaangaliana kama mko sebuleni. Kinyago kikigeuzwa upande kabisa, kinakufa. Pua ndiyo inayotazama: ielekee kitu, kisha irudi kwa hadhira, ndipo kitendo kifuate. Chukueni mzaha wa zamani wa nzi. Arlecchino ana njaa, anasikia mlio. Mwili unaganda, pua peke yake inafuata nzi. Ananyakua. Pua kwa ngumi, pua kwa watu. Anang'oa bawa moja, anawatazama. La pili, anawatazama. Anameza. Vitendo viwili vikienda pamoja, kicheko hakipati pa kuingilia. Na mkono usiguse kinyago kamwe: ukigusa tu, watu wanakumbuka kuwa ni karatasi.

SWALI: Bila maandishi tutajuaje la kusema?

JIBU: Kuna maandishi, ila mafupi: huitwa canovaccio. Mwigizaji wa Italia Flaminio Scala alichapisha 50 mwaka 1611. Kila onyesho, yaani kila sehemu ya mchezo, lina mistari michache: nani anaingia, kutoka upande gani, ameshika nini, anataka nini, anaondolewa na nini. Maandishi hayo yabandikeni nyuma ya pazia. Kundi la maigizo la Mufwankolo la Lubumbashi, Kongo, nalo liliunda michezo yake ya Kiswahili bila maandishi kamili, kwa kukubaliana hadithi kwanza. Kinachoangusha wengi ni kutokujua mwisho: waigizaji wanaongeza maneno mpaka kicheko kinapoa. Kila onyesho liwe na neno moja la kufungia. Likitamkwa, mtu anatoka.

SWALI: Na mapato tugawane vipi?

JIBU: Andikeni mapema. Tarehe 25 Februari 1545, waigizaji wanane walitia saini mkataba mbele ya mthibitishaji huko Padova: atakayeugua atatunzwa kwa fedha za kundi, na mapato yatakaa katika kisanduku chenye funguo tatu, kila moja kwa mtu wake.